Risala ya Walimu Wanafunzi wa Saikolojia ya Elimu kwa Mgeni Rasmi, Mombasa

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, wahadhiri wetu, wazazi na wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Karibu Mombasa. Baadhi yetu tumevuka feri ya Likoni alfajiri ili usitutangulie kufika. Madafu yako tayari, ila tustahimilie kidogo.

Mtu akisikia tunasoma saikolojia hudhani twasomea wendawazimu, au twajua kilichomo moyoni mwake. Jamaa wakitukaribisha chai hawakosi kuuliza, "Haya, niambie nawaza nini." Hatujui. Tunachosomea sisi ni namna mtu anavyojifunza, na kinachomzuia asijifunze.

Mmoja wetu, akiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, alikuwa na mwanafunzi wa gredi ya nne asiyepata hesabu hata moja. Daftari lake lilijaa wino mwekundu wa makosa. Jumamosi akamkuta sokoni Kongowea, amekaa nyuma ya beseni la mabuyu la mamake. Mwalimu akataka pakiti saba za shilingi 15, akatoa noti ya 200. Hajaiachia noti, mtoto keshasema, "Chenji yako tisini na tano, ticha." Jumatatu akamwandikia ubaoni 15 mara 7. Jibu likaja 75. Ile 3 ya kubeba ilipotea njiani.

Mwalimu akaacha ubao. Akamwambia, "Niuzie tena, kisha uandike ulivyofanya kichwani." Mtoto akaandika: kumi mara saba, sabini, tano mara saba, thelathini na tano. Hesabu alikuwa nayo siku zote, ila haikufanana na ya kitabuni.

Hayo si ya Kongowea pekee. Mwaka 1985 Terezinha Carraher na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto 5 wachuuzi wa mjini Recife, Brazil. Wakiwa kwenye biashara, watoto hao walipata takriban asilimia 98 ya hesabu walizoulizwa. Walipopewa hesabu kavu za kuandika, walipata asilimia 37 tu.

Hapo ndipo upana wa somo hili unapoonekana, mgeni rasmi. Ili umwelewe mtoto wa mabuyu, huna budi kujua fikra zake zimekomaa kufikia wapi, kazi aliyoishughulikia mwanasaikolojia Mswisi Jean Piaget. Na kujua anachoweza akishikwa mkono kidogo, jambo alilolitilia mkazo mwanasaikolojia Mrusi Lev Vygotsky. Kuna woga wake mbele ya ubao, kuna njaa, kuna lugha ya kwao. Kisha kuna mtihani wenyewe: je, unapima hesabu, au unapima kuandika hesabu? Na mwalimu naye yumo, pamoja na hasira zake. Sehemu hiyo haitufurahishi sana, lakini imo.

Wala si yote yanayotoka ng'ambo yaliyo mageni kwetu. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha jinsi mtu anavyosahau upesi asichokirudia. Maalimu wa madrasa za Mji wa Kale hahitaji kuambiwa hilo: mtoto hapewi aya mpya mpaka aitoe ya jana.

Tuna maombi mawili. Kwanza, muda wa mazoezi ya kufundisha uongezwe. Tunapoanza kujua nani hukaa na nyanya yake na nani huuza mabuyu, ndipo tunapofunga virago. Pili, viboko. Vilipigwa marufuku shuleni hapa Kenya mwaka 2001, lakini wapo miongoni mwetu waliopokewa kwa kukabidhiwa chaki na fimbo kwa pamoja. Mwanafunzi wa ualimu hana ubavu wa kuirudisha fimbo hiyo mezani kwa mwenyewe. Wewe ukikutana na walimu wakuu, tunaomba utusemee.

Risala yetu imeishia hapo. Karibu madafu.

Ni sisi,
Walimu wanafunzi wa saikolojia ya elimu, Mombasa