Salamu za Krismasi: Kutoka Bombomu ya Handakini hadi Spad VII

Heri ya Krismasi, wapenzi wa ndege na historia ya vita. Wiki hii ina tarehe ambayo hatupendi ipite kimya. Tarehe 22 Desemba 1959, mzee wa miaka 64 alihojiwa kwenye televisheni ya NBC, New York, akiwa na sare yake ya kazini. Alikuwa mwendesha lifti wa Rockefeller Center, palepale zilipo studio. Jina lake Eugene Bullard, mzaliwa wa Columbus, Georgia, anayehesabiwa kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa rubani wa kivita. Barua za watazamaji zilimiminika.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alijiunga na Jeshi la Kigeni la Ufaransa Oktoba 1914, akawa mpiga bombomu. Machi 1916 alijeruhiwa paja huko Verdun akiwa na Rejimenti ya 170, akatunukiwa Croix de guerre, nishani ya vita ya Ufaransa. Kwa mguu ule, kurudi handakini hakukuwa rahisi. Akaomba kwenda kikosi cha anga, na tarehe 5 Mei 1917 akapata leseni ya urubani.

Wengi husimulia nishani zake. Sisi tunavutiwa zaidi na kazi ya mikono. Hotchkiss, bombomu ya askari wa miguu, ililishwa vipande vya chuma vya risasi 24, na ikikwama wenzako wapo. Kwenye Spad VII, ndege ya kivita ya kiti kimoja, uko peke yako na bombomu moja aina ya Vickers, iliyounganishwa na injini ili risasi zipite kati ya mapanga ya rafadha. Mkanda wa kitambaa ukipata unyevu huvimba na kukwama. Huko juu kwenye baridi kali, mafuta ya silaha huwa mazito. Basi risasi hukaguliwa moja moja kabla ya kuruka, na ukiwa angani unafyatua kidogokidogo. Ikikwama, mkono mmoja uache usukani uvute kishikio, na shingo isiache kugeuka kutazama nyuma. Aliyezoea kukwamua bombomu huku mizinga ikimwangukia hakuanza sifuri.

Nieuport, ndege nyingine ya kivita ya wakati ule, nayo ilikuwa na mambo yake. Injini nzima ilizunguka pamoja na rafadha, ikilainishwa kwa mafuta ya nyonyo kwa sababu petroli haiyayeyushi, nayo humrukia rubani usoni. Kona ya kulia pua huzama, ya kushoto hupanda; ukisahau hilo karibu na ardhi, huna nafasi ya kusahihisha.

Marekani ilipoingia vitani aliomba kurushia nchi yake. Akakataliwa, maana marubani walitakiwa weupe tu. Cheo cha luteni usu alikuja kupewa mwaka 1994, miaka 33 baada ya kufa. Aibu hiyo si yake.

Kwa mafundi wa hangari na waongozaji ndege mtakaokuwa zamu tarehe 25: pilau yenu iwekwe pembeni, na wa zamu ijayo wasichelewe kuwapokea. Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya.