Ami, usiitume kalamu ya Babu kiwandani

Birmingham, Uingereza

Assalaam aleikum Ami, shikamoo.

Huku tu wazima, alhamdulillahi, na twatumai nyote hapo Kibokoni hamjambo. Mama amenieleza habari za kalamu zako mbili za wino: ile mpya uliyopewa ulipostaafu, ambayo inakatakata maandishi, na ile Parker ya marehemu Babu ambayo hainyonyi wino tena. Asema wataka zote ziende kiwandani kwa pamoja. Nakuomba usifanye hivyo, Ami. Kila moja ina njia yake, na ya Babu ikipitishwa njia ya ile mpya, huenda ukaletewa kalamu ambayo si yake.

Ile mpya kwanza. Toa katriji, yaani kile kijibomba cha wino cha kubadilisha, kisha chukua bomba la sindano la duka la dawa, bila sindano, usukume maji kutoka nyuma ya nibu, kile kibati cha kuandikia, mpaka yatoke safi. Maji ya kawaida, yasiwe ya moto. Yakiendelea kutoka na rangi, iloweke usiku kucha kwenye gilasi, maji yafunike nibu tu. Wino ni maji na rangi. Kalamu ikikaa bila kuandikwa kwenye joto la hapo, maji huondoka na rangi hugandia kwenye ule ulimi mweusi ulio chini ya nibu, wenye vijifereji vyembamba sana. Kalamu iliyoziba hivyo si mbovu. Ukiituma ng'ambo wataiosha na kukurudishia, nawe gharama ya posta imekwenda bure. Spiriti usiitie kabisa, maana kuna plastiki za kalamu ambazo zikiguswa na spiriti hupasuka.

Ikishakauka, itie wino wa kalamu, ule wa Parker uitwao Quink watosha, uandike ukurasa mzima na kutazama inakatika wapi. Ikiruka mwanzo wa herufi tu halafu ikaendelea vizuri, basi ncha imesuguliwa kupita kiasi ilipotengenezwa: kingo za ule mpasuo wa katikati ya nibu zimeviringika kwa ndani, wino unafika lakini haugusi karatasi. Hiyo ni kasoro ya kiwandani na una haki ya kudai. Ikiandika vyema mchana kutwa kisha ikagoma asubuhi, tazama kifuniko. Ndani yake mna kikombe cha plastiki, nacho kikiwa na ufa hewa hupita na nibu hukauka. Hilo pia hudaiwa. Lakini ukiitazama nibu kwa kioo cha kukuzia ukaona upande mmoja wa ncha umepanda kuliko mwenzake, watasema imeanguka, na kuanguka hakumo kwenye dhamana. Wala haimo kalamu iliyotiwa wino wa kuchorea, ule mweusi unaong'aa ukikauka. Una lakiri, aina ya gundi, ndani yake, na ukishagandia humo hautoki kwa maji.

Dhamana za watengenezaji wengi ni miaka 2 tangu tarehe ya risiti. Kwa kuwa ni zawadi, waulize waliokununulia kama risiti bado ipo, halafu anza na duka lililoiuza kabla ya kuandikia kiwanda. Tena angalia kwanza kama nibu yake hutoka kwa mkono. Ya Lamy Safari hubanwa kwa kipande cha utepe wa gundi na kuvutwa mbele. Za Pelikan nyingi hufunguliwa kwa kuzungushwa pamoja na ulimi wake. Ikiwa ni ya namna hiyo, omba watume nibu peke yake, kalamu ibaki kwako.

Kama ni lazima iende, barua yako iwe fupi na iseme haya: jina la kalamu na upana wa nibu, wino unaotumia, inakatika wakati gani, na kama waandika kwa mkono wa kulia au wa kushoto. Ambatisha ile karatasi uliyoandika kwa kalamu yenyewe. Fundi akiiona huelewa kuliko maelezo. Taka bei kabla ya kazi kuanza. Mwisho uandike wazi kwamba wasibadilishe kitu bila idhini yako, na kwamba vipuri vya zamani virudishwe. Hili usiliache, Ami. Kiwandani ni rahisi kwao kung'oa sehemu nzima na kutia mpya kuliko kunyoosha iliyopo, na kilichong'olewa hutupwa kama hukukidai.

Sasa ya Babu. Kwa picha aliyonitumia Mama, ni Parker 51: nibu imefichwa ndani ya ganda na yaonekana ncha tu. Muundo huo ulitoka 1941, na ule wa kunyonya wino kwa kubana, kama huo wake, ulikuja 1948. Zenye chapa ya “Made in England” zilitengenezwa Newhaven, huku Uingereza. Kiwanda hicho hakipo tena; 2009 kampuni ilitangaza kukifunga na kazi ikahamia Ufaransa. Mwaka 2021 walileta Parker 51 mpya, sura ni ile ile lakini ndani ni kitu kingine: yatumia katriji na kifuniko chake ni cha kuzungusha. Vipuri vyake haviingii kwenye ya zamani. Kwa hivyo ukiambiwa utapewa 51 mpya badala ya hiyo, kataa. Nibu ya Babu ni ya dhahabu ya karati 14, na jina lake limechorwa kwenye mwili wa kalamu. Hakuna kiwanda kitakachokurudishia hilo.

Unaloweza kulifanya hapo nyumbani ni hili. Fungua nusu ya nyuma kwa mkono, utaona bati lenye kipande cha kubana. Tumbukiza ncha ndani ya maji ya uvuguvugu, ubane polepole mara 4 hadi 6, ukingoja kila unapoachia. Mapovu yakitoka na maji yakaingia, ule mpira wa ndani unaoweka wino ni mzima. Endelea kila siku mpaka maji yawe safi. Mapovu yakitoka lakini maji yanayoingia ni haba, huenda kijibomba chembamba kilichomo ndani ya mpira kimeziba au kimevunjika. Pasipotoka povu hata moja, wino umeganda mbele. Ukiona wino umelowesha bati kwa nje, mpira unavuja. Mpira kugeuka rangi si kitu, maadamu bado ni laini.

Hapo uishie. Bati usilivute, na lile ganda la mbele usilizungushe kwa koleo: limegandishwa kwa lakiri, nayo hulegea kwa joto la kiasi maalumu. Wala usimpe sonara. Ni fundi mzuri wa dhahabu, lakini moto wake utalipinda ganda kabla lakiri haijalainika. Hiyo ni kazi ya fundi wa kalamu za zamani, na huku wapo.

Njia bora ni mtu anayesafiri aje nayo mkononi. Imwage wino, ikauke, uitie ndani ya kipande cha bomba la PVC la fundi bomba, na pamba pande zote mbili. Ikibidi ipite Posta ya Digo Road, itume kwa EMS, ile huduma yao ya haraka, na kwenye fomu ya forodha uandike kwamba ni kalamu iliyotumika, yaja kutengenezwa na itarudi Kenya. Usiandike zawadi, na thamani iwe ya kweli. Nakala ya fomu uiweke, maana huku VAT ni asilimia 20 na hapo ni 16, na karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba ni mali yako inarudi, si bidhaa uliyonunua.

Nipigie picha tatu: ncha kwa mbele, ncha kwa ubavu, na lile bati la ndani. Nikiziona nitajua ni fundi yupi wa kumwuliza bei.

Msalimie Shangazi na watoto wote.

Wasalaam,
mwanao