Risala ya Kikundi cha Kumbukumbu za Mtaa kwa Mgeni Rasmi, Maonesho ya Gesti ya Barabarani, Kimara, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Mwalimu Mkuu na walimu mliotupa ukumbi huu,
Wazee wetu, shikamooni,
Ndugu wageni waalikwa,

Tunakushukuru kwa kukubali kuwa nasi. Picha, ramani na madaftari unayoyaona ukutani na mezani vinahusu nyumba moja ya kulala wageni iliyokuwa kando ya Barabara ya Morogoro, hapa Kimara. Ilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, yaani mita 121.5 kutoka katikati, na mwaka 2017 ilibomolewa pamoja na majengo mengine mengi ya kuanzia hapa hadi Kiluvya. Leo pale pana njia nane, kipande cha kilomita 19.2 za Kimara hadi Kibaha. Hatukuja kuilalamikia barabara. Tunaipita kila siku. Tumekuja kueleza namna tunavyookota kilichobaki, na nini kinatukwamisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, gesti ile ilikuwa zaidi ya vitanda. Kwa miaka mingi mabasi ya mikoani yalikatazwa kutembea usiku, zuio lililoondolewa mwaka 2023, kwa hiyo abiria wa basi la alfajiri alilazimika kulala jirani na barabara. Madereva wa malori ya Zambia na matingo wao walilala hapo pia. Mtu aliyetoka Mbeya au Iringa aliacha kifurushi na ujumbe kaunta, na ujumbe ulimfikia mwenyewe. Pembeni ya mlango palikuwa na ubao wa chaki: msiba wa nani na mazishi saa ngapi, mtoto aliyepotea amevaa nini, mgao wa maji unaanza lini. Gazeti la mtaa lilikuwa ubao ule, na kila jioni lilifutwa kwa kitambaa kibichi. Ndiyo maana habari zake tunazipata vinywani mwa wazee tu.

Kuhusu mahojiano, tunafanya hivi. Tunakwenda wawili: mmoja anauliza, mwingine anashughulikia simu ya kurekodi. Simu inazimwa mtandao ili isipigwe katikati, inalazwa juu ya kitenge kilichokunjwa, kama sentimita 30 kutoka kwa mzee, na panga boi linazimwa kwa sababu mvumo wake unafunika sauti laini. Hatuanzi na swali la "zamani palikuwaje?" Jibu lake huwa "palikuwa pazuri", na hapo mazungumzo yameisha. Tunauliza: ukiingia, kaunta ilikuwa kushoto au kulia? Bafu lilikuwa ndani au uani? Maji ya moto yaliletwa kwa ndoo au yalitoka bombani? Godoro lilikuwa la sufi au la sponji? Mzee akishaanza kutembea ndani ya jengo kwa mawazo, majina na visa vinakuja vyenyewe. Baada ya dakika 45 tunasimama. Mzee aliyechoka huanza kukubali kila unachomwambia, na kumbukumbu ya namna hiyo haifai.

Kila mzee huchora ramani yake peke yake, kwa penseli, bila kuona ya mwenzake. Panapolingana tunapaka wino. Panapotofautiana tunaacha penseli. Mahali hasa jengo liliposimama tunapathibitisha kwa picha za setilaiti za miaka ya nyuma, zinazopatikana bure kwenye Google Earth. Unarudisha mwaka hadi kabla ya 2017, unatafuta kitu ambacho hakijahama, kama msikiti au makutano ya barabara ya ndani, kisha unapima kwa rula ya programu hiyo.

Tatizo kubwa, Mheshimiwa, ni miaka. Wazee wanakumbuka matukio kuliko tarehe, kwa hiyo tumetengeneza kalenda ya kuulizia: vita vya Kagera, 1978 na 1979, kifo cha Sokoine kwa ajali ya barabarani kule Dakawa, Aprili 12, 1984, kuzama kwa MV Bukoba, Mei 21, 1996, mvua za El Nino, 1997 na 1998, kifo cha Mwalimu, Oktoba 14, 1999. Tunauliza: chumba cha uani kilijengwa kabla ya mvua za El Nino au baada yake? Picha nazo hujisema. Basi lenye maandishi ya UDA, shirika la usafiri la Dar es Salaam, haliwezi kuwa la kabla ya 1974. Ukuta wenye tangazo la Celtel ni wa kabla ya Agosti 2008, ilipogeuka Zain. Zain yenyewe ikawa Airtel mwaka 2010. Akisema mtu kwamba aliangalia televisheni sebuleni miaka ya 1980, tusimkatalie wala tusimkubalie haraka: Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, kwa hiyo tunamuuliza kama ulikuwa mkanda wa video au mawimbi ya Zanzibar.

Picha za familia zinaharibika kwa mambo yanayojulikana. Klipu na pini za chuma hushika kutu haraka kwa unyevu wa Dar es Salaam na kuacha doa la kahawia, tunazitoa zote. Albamu zenye gundi na nailoni hula picha taratibu. Ukiivuta inachanika, kwa hiyo tunapitisha uzi wa kusafishia meno chini yake, polepole, kutoka pembeni kuelekea katikati. Ukungu unapanguswa kwa brashi laini, nje kwenye hewa, picha ikiwa kavu. Kitambaa chenye maji kinaondoa ukungu na sura ya mtu kwa pamoja. Skana tunaiweka nukta 600 kwa inchi kwa picha ndogo na 300 kwa barua. Jina la mtu linaandikwa nyuma kwa penseli laini, kamwe si kalamu ya wino, kwani wino hupenya hadi mbele. Mwenye picha anapewa risiti ya kaboni na anarudishiwa picha yake ndani ya siku saba. Bila uaminifu huo hakuna atakayetoa ya pili.

Kuna daftari moja la wageni lililookolewa, lenye jina, kabila, kazi, atokako, aendako na saini. Hatulioneshi. Nani alilala wapi na lini ni siri yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatubana kwa haki kabisa. Kilichowekwa mezani ni nakala ya safu mbili tu, atokako na aendako. Hizo zinatosha kuonesha barabara hii ilibeba watu kutoka wapi kwenda wapi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, habari za mtaa wa leo ziko hatarini kuliko zile za chaki. Matangazo yote yako kwenye makundi ya WhatsApp, na simu ya katibu ikiibwa, mwaka mzima unaondoka nayo. Tumeanza kuyanakili kila Jumamosi kwenye kauntabuku la kwaya tatu: tarehe, tangazo, nani alilitoa, lilimalizikaje. Hilo la mwisho ndilo husahaulika zaidi. Watu wanatangaza mtoto kapotea. Akipatikana, hakuna anayeandika.

Maombi yetu ni manne. Kwanza, kabati moja la chuma lenye kufuli, liwekwe ofisi ya mtaa, juu ya matofali, mbali na ukuta unaovuja, maana la mbao litaliwa na mchwa. Pili, skana ya mezani na diski mbili za kuhifadhia, moja ikae hapa shuleni na nyingine ofisi ya mtaa, ili moto au mwizi asichukue zote. Tatu, barua ya utambulisho kwenda Manispaa ya Kinondoni, kwa kuwa Kimara ilikuwa chini yake kabla Ubungo haijawa manispaa, na majalada ya leseni za gesti za wakati ule tunaamini ni huko pa kuyaulizia. Nne, ruhusa ya kusimamisha ubao wa matangazo kwenye kituo cha daladala, nje ya hifadhi ya barabara. Vipimo tumeviambatanisha.

Wazee watatu waliofanya kazi katika gesti ile wamekaa safu ya mbele kulia kwako, na wapo tayari kukutembeza kwenye ramani mara tu baada ya risala hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.