Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya chama chetu cha kuenzi utamaduni wa Kiingereza nawasilisha taarifa ya mwaka 2025. Hesabu atazisoma mweka hazina; mimi nitaeleza kazi zetu.

Sikukuu ya Mtakatifu Joji, mlezi wa Uingereza, iliangukia wiki ya Pasaka, na Kanisa la Uingereza likaisogeza kutoka 23 Aprili hadi 28. Chama kilibaki na tarehe 23, kwa kuwa ndiyo siku aliyofariki William Shakespeare mwaka 1616, nasi huwakumbuka wote wawili. Wageni waliuliza tena kwa nini Waingereza wanamtukuza mtakatifu wa mbali. Waethiopia nao wanamwenzi, na kule Lalibela wamemchongea kanisa zima ndani ya mwamba. Hilo halitupunguzii kitu.

Agosti, bendera za Uingereza, zenye msalaba mwekundu wa Mtakatifu Joji, zilitundikwa kwenye nguzo za taa katika miji mingi, na kamati ikapokea maoni makali ya pande zote. Msimamo wangu ni huu: msalaba mwekundu ni wa kila mkazi wa nchi hii, na anayeutundika ili jirani yake aogope anauvunjia heshima.

Lakini kilichonigusa zaidi ni kengele. Tarehe 8 Mei, nchi ilipoadhimisha miaka 80 tangu Vita Kuu ya Pili viishe Ulaya, kengele za makanisa zililia kila upande. Kwenye mnara wetu baadhi ya kamba zilining'inia bila mtu. Kengele zenyewe ni nzima. Waliopungua ni wapigaji.

Wenzetu wapya wafahamu uzito wa jambo hili. Kengele za Kiingereza huzungushwa duara kamili, kila mtu na kamba yake, zikibadilishana zamu kwa hesabu ambayo mpigaji anaibeba kichwani. Kengele saba zina mipangilio 5,040; kuipiga yote bila kurudia hata mmoja huchukua kama saa tatu. Juni 1940 serikali ilizinyamazisha, zilie tu adui akivamia, na watu walizisikia tena Novemba 1942 kwa ushindi wa vita vya El Alamein huko Misri. Mwaka 2018 walitafutwa wapigaji wapya 1,400, idadi ya wenzao waliouawa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka mmoja kabla, kiwanda cha Whitechapel kilichosubu Big Ben, kengele kuu ya Bunge la London, kilikuwa kimefungwa. Urithi huu unaweza kutuponyoka tukiwa tunautazama.

Kwa hiyo tangu Septemba tumeanza mafunzo kila wiki, bila ada, na asiye Mkristo anakaribishwa sawa na mwingine. Nawashukuru wazee wa mnara kwa uvumilivu wao; mwanafunzi wa kengele huchosha masikio kabla hajapendeza.

Kamati inaomba kura yenu leo: sehemu ya fedha za karamu ya Aprili ijayo inunue kamba mpya. Mimi naunga mkono. Wanaotaka kujifunza wamwachie katibu majina yao kabla ya kuondoka ukumbini.