Jiko la peleti si bovu, limejaa majivu tu

Mhariri, naomba kanafasi. Nakaa Kirumba, nilinunua jiko la peleti (vile vipande vidogo vya maranda au pumba vilivyoshindiliwa), lile lenye kafeni chini, mwezi wa kwanza raha tupu, sufuria hata masizi halishiki. Mara likaanza moshi, nyumba nzima tunakohoa, mama watoto akasema rudisha mkaa wangu. Fundi naye akataka kuniuzia feni mpya!

Nikaligeuza mwenyewe likiwa limepoa, ebwana, vile vitundu vya hewa karibu vyote vimeziba, na chini kuna bonge jeusi gumu kama jiwe, kumbe ni majivu yameyeyuka yakagandana. Nikazibua kwa spoku ya baiskeli kitundu kimoja kimoja, nikasugua na mswaki wa zamani (maji usimwage, utaua mota ya feni), jioni likawaka kama jipya. Sasa majivu namwaga kila nikimaliza kupika, na peleti za pumba za mpunga ndo zina majivu mengi kuliko za maranda.

Halafu unyevu wa huku ziwani, gunia nililiweka sakafuni peleti zikavimba zikawa unga, siku hizi naweka kwenye ndoo ya mfuniko. Na likitoa moshi msilale nalo ndani jamani.

Serikali inataka asilimia 80 tupikie nishati safi ifikapo 2034, sawa, ila wauzaji nao watuelekeze kusafisha, mimi dukani nilipewa risiti tu.

Msomaji, Kirumba, Mwanza