RISALA YA KLABU YA MICHEZO YA WASICHANA KWA MGENI RASMI, SIKU YA MICHEZO YA SHULE

Ndugu Mgeni Rasmi, Afisa Michezo wa Wilaya,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Shikamooni.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu uliyonayo. Karibu sana, jisikie uko nyumbani.

Klabu yetu ina desturi ya kuchagua kila mwaka mwanamichezo mmoja, kusoma habari zake na kuzieleza siku kama ya leo. Huko nyuma tulimsoma Filbert Bayi, tukamsoma na Juma Ikangaa. Mwaka huu tulimchagua Binti Mfalme Anne wa Uingereza, na uamuzi huo haukupita kirahisi. Wenzetu kadhaa walisimama kikaoni wakauliza: mtu aliyezaliwa kwenye kasri atatufundisha nini sisi tunaocheza netiboli kwenye vumbi? Swali hilo lilikuwa la haki kabisa. Kwa hiyo tulimsoma tukiwa nalo.

Anne alizaliwa London tarehe 15 Agosti 1950, mtoto wa pili na binti pekee wa Malkia Elizabeth wa Pili na mumewe Philip. Farasi aliwakuta nyumbani. Hata wale wawili waliompa sifa, Doublet na Goodwill, walikuwa mali ya mama yake, na hilo hatulifichi. Lakini mchezo alioshindana hauangalii ukoo. Ni mashindano ya siku kadhaa yenye sehemu tatu. Kwanza mpandaji humwongoza farasi kwa hatua za mpangilio mbele ya majaji. Kisha hutoka naye mbio nje, akiruka magogo, mitaro na madimbwi ambayo hayasogei wala kuanguka farasi akiyagonga. Mwisho hurudi uwanjani kuruka viunzi. Ukikosea, farasi wa malkia atakubwaga kama farasi mwingine yeyote.

Mwaka 1971, huko Burghley, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 21, alishinda ubingwa wa Ulaya akiwa juu ya Doublet. Mwaka huohuo watazamaji wa BBC walimpigia kura kuwa mwanamichezo bora wa mwaka. Mwaka 1975 akapata medali ya fedha kwenye mashindano hayohayo ya Ulaya, safari hii na Goodwill.

Mwaka 1976 akaenda Olimpiki ya Montreal, mtu wa kwanza wa familia ya kifalme ya Uingereza kushindana katika michezo hiyo. Kwenye mbio za nje alianguka vibaya na kuumia kichwa. Alipanda tena akamaliza njia, na baadaye hakuweza kukumbuka alivyoimaliza. Matokeo yalipotoka alikuwa wa 24. Tulipousoma ukurasa huo tulipiga makofi, lakini mwalimu wetu wa michezo alitutuliza. Alituambia kwamba siku hizi sheria ya mchezo huo humtoa mpandaji anayeanguka, na ni sheria nzuri, kwa sababu jeraha la kichwa halichezewi. Tunakubaliana naye. Moyo ule tunausifu, ila kwetu atakayegonga kichwa atapelekwa zahanati.

Ndugu Mgeni Rasmi, jambo lililowanyamazisha wapinzani wetu lilitoka nje ya uwanja. Mwaka 1970, kabla hajapata medali yoyote kati ya hizo, Anne alikubali kuwa rais wa Save the Children. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1919 na Eglantyne Jebb na dada yake Dorothy Buxton, kwa ajili ya watoto waliokuwa wakifa njaa Ulaya baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kazi hiyo ya urais aliishika mpaka mwaka 2016, na hata baada ya hapo akabaki kuwa mlezi wa shirika.

Wapo watu wakubwa wanaotoa jina lao kwa shirika, likaandikwa kwenye barua, basi. Yeye alikwenda. Mwaka 1971 alikuja Kenya, akafika Starehe, Nairobi, kituo kilichoanzishwa mwaka 1959 na Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu kuwapa shule na malazi wavulana wasio na pa kulala. Mwaka 1982 alizunguka tena nchi kadhaa za Afrika, Somalia ikiwamo. Anajulikana kwa kutopenda kubeba watoto mbele ya kamera. Kuna walioiona tabia hiyo kuwa ni ukavu. Sisi tunaiona kuwa ni heshima kwa mtoto, na tunasema hivyo tukiwa watu ambao picha zetu hupigwa na wageni bila kuulizwa. Mwaka 1990 Rais Kenneth Kaunda wa Zambia alipendekeza jina lake kwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Yeye pia ni mlezi wa Transaid, shirika linaloshughulika na usafiri, ambalo huko Zambia limesaidia vijiji kupata baiskeli za kubebea wagonjwa, na hapa kwetu limeshirikiana na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, katika mafunzo ya madereva. Nyadhifa zake katika michezo ni nyingi, hatutazitaja zote; aliongoza Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi tangu 1986 hadi 1994, na tangu 1988 ni mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Maji hufuata mkondo: kwenye Olimpiki ya London 2012 timu ya Uingereza ya mchezo huohuo wa farasi ilipata medali ya fedha, na aliyemvika binti yake Zara medali hiyo alikuwa ni yeye.

Lililotugusa zaidi ni chama cha Uingereza kinachowapandisha farasi watu wenye ulemavu. Amekuwa nacho tangu 1971, na tangu 1985 ni rais wake. Mtoto asiyeweza kutembea huketishwa juu ya farasi mpole. Mtu mmoja humshika farasi hatamu, wengine hutembea ubavuni tayari kumdaka mtoto. Hatua za farasi huitikisa nyonga ya mtoto kwa namna inayokaribiana na kutembea, na mgongo wake hujifunza kujishikilia wenyewe. Juni 2024, akiwa na miaka 73, Anne aliumia kichwa nyumbani kwake Gatcombe, ikidhaniwa aligongwa na farasi, akalazwa, na kwa mara nyingine hakukumbuka kilichotokea. Mwezi uliofuata alirudi kazini, na shughuli yake ya kwanza mbele ya watu ilikuwa mashindano ya kitaifa ya chama hicho.

Ndugu Mgeni Rasmi, habari hiyo ilitufanya tugeuke tuangalie chini ya mwembe wetu. Wenzetu wasioona na wenye ulemavu wa miguu walikuwa wakikaa pale kila kipindi cha michezo, wakitutunzia mabegi na viatu. Hakuna aliyewakataza kucheza, hakuna aliyewaita. Tangu muhula uliopita tumeanza nao mpira wa wavu wa kukaa, kamba ikiwa ndiyo wavu. Kwa wasioona tunaufunga mpira ndani ya mfuko wa plastiki, ili ukiviringika usikike. Mfuko huchanika mapema, na upepo ukivuma hawausikii.

Kwa hiyo tunaleta kwako maombi matatu. La kwanza, utusaidie kupata mipira yenye kengele. La pili, mwalimu wetu mmoja apelekwe kwenye mafunzo ya michezo ya watu wenye ulemavu, maana tunachofanya sasa ni kubahatisha. La tatu, na hili halihitaji bajeti ya wilaya: tunafanya mazoezi kila Jumamosi saa kumi jioni. Tunaomba urudi siku moja, bila mkeka mwekundu na bila risala, ukae nao chini, ucheze upande wao wa kamba.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.