Gasketi inalaumiwa bure: tujifunze kukaza hedi kwa kipimo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na mafundi wenzangu wa hapa Malindi, pamoja na wenye magari wanaotuletea kazi, kuhusu namna tunavyokaza bolti na stadi (vyuma vyenye meno ncha zote mbili, vinavyofungwa kwa nati) za silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, tunapobadilisha gasketi. Mara kwa mara huingia gereji mtu aliyekata tamaa, akieleza kwamba gasketi aliyowekewa juzi tu imeungua tena, na jibu analopewa ni kwamba spea za siku hizi ni bandia. Spea bandia zipo, sikatai. Lakini katika injini nilizozifungua kwa mikono yangu mwenyewe, nyingi zilizorudi mara ya pili ziliponzwa na ukazaji, wala si ubora wa gasketi.

Gasketi ya hedi hukaa kati ya bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, na hedi ili moto wa silinda, oili na maji visikutane. Gesi inayowaka ndani ya silinda hupita nyuzijoto 2,000 za Selsiasi, na hakuna gasketi inayoweza kuizuia ikiwa haikubanwa sawasawa. Mbano huo hutoka kwenye bolti, ambayo ikikazwa huvutika kidogo mno, kisha ikataka kurudi ilivyokuwa, kama springi. Magari mengi tunayoyatengeneza yana hedi ya alumini juu ya bloku ya chuma, na alumini hupanuka takriban mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, kwa hiyo kila injini inapopata moto na kupoa hedi husogea kidogo juu ya gasketi. Palipo na mbano hafifu, hapo ndipo gesi hupata njia.

Sisi mafundi tumerithishana kauli ya kwamba bolti ikazwe mpaka mkono ukatae. Mkono wa fundi mzoefu una thamani yake, lakini unachohisi ni ugumu wa kuzungusha spana, na ugumu huo si mbano. Katika bolti ya kawaida, karibu asilimia 90 ya nguvu tunayotia huishia kwenye msuguano, sehemu kubwa chini ya kichwa cha bolti na nyingine kwenye meno, na kiasi cha asilimia 10 tu ndicho kinachoivuta bolti yenyewe. Sasa fikiria gari lililolala miaka yote mita chache kutoka baharini, meno ya bolti yameshika kutu na chumvi. Bolti moja itagoma mapema ikiwa bado haijabana kitu, na jirani yake iliyo safi itakwenda mbali zaidi, ilhali mkono utaapa kwamba zote zimekaza sawa. Hata spana ya toki, ile yenye kipimo cha nguvu, itadanganyika hapo. Ndiyo maana nasisitiza kwamba meno yasuguliwe kwa brashi ya waya, matundu ya bloku yapulizwe kwa upepo mpaka yakauke, na oili ipakwe kidogo kwenye meno na chini ya kichwa cha bolti pale kitabu cha injini kinapoelekeza hivyo. Tundu lisilotokea upande wa pili likibaki na maji au oili chini yake, bolti inaposhuka kimiminika hicho hakina pa kwenda wala hakikubali kushinikizwa, na bloku inaweza kupasuka.

Nasema haya kwa kuwa mimi mwenyewe nilikosea. Nilipokuwa kijana nilifunga hedi ya pikapu ya mzee mmoja wa Mambrui aliyekuwa akibeba samaki, nikaanza kukaza mwisho mmoja hadi mwingine, kwa mpini mrefu na nguvu zangu zote, nikijiona nimefanya kazi ya kiume. Gari lilichemka kabla ya wiki mbili kwisha, njiani, na samaki wake wakaharibika. Nilipoifungua tena nilikuta gasketi imekatika kati ya silinda ya pili na ya tatu, pale ilipo nyembamba, na bolti za katikati zikafunguka bila shida yoyote. Nililipa gasketi ya pili kwa fedha zangu, lakini samaki sikuweza kuwalipa, na uso wa mzee yule ninao hadi leo.

Kosa langu lilikuwa mpangilio. Hedi hukazwa kuanzia katikati, ukipokezana kushoto na kulia mpaka ufike kwenye pembe, ili gasketi inyooke na kutandazika kuelekea nje. Ukianzia pembeni, unakamata ncha zote mbili na katikati hapashuki vizuri. Wala bolti haifikishwi mwisho kwa mkupuo mmoja. Zote huzungukiwa kwa awamu, mara nyingi mbili au tatu, injini ikiwa baridi, kwa vipimo vya injini hiyo hiyo na si vya ndugu yake. Wakati wa kufungua, mwendo ni kinyume: anzia nje uingie ndani, la sivyo hedi hujipinda.

Kipimo chenyewe kisitutishe. Nyutoni mita 98 ni sawa na kuning'iniza kilo 10 kwenye ncha ya mpini wenye urefu wa mita 1. Injini nyingi za sasa huhitaji kipimo cha nguvu kwanza, kisha bolti izungushwe kwa digrii, kwa mfano 90 na tena 90. Bolti za aina hiyo huvutwa hadi zisiweze kurudia urefu wake wa awali, hivyo hupimwa urefu au hununuliwa mpya. Mteja akiambiwa anunue bolti, tafadhali asidhani anaibiwa.

Stadi, ambazo tunazikuta zaidi kwenye matrekta ya zamani na baadhi ya dizeli, zina adabu yake. Stadi huingizwa kwenye bloku kwa mkono bila kushindiliwa chini, halafu nati iliyo juu yake ndiyo hukazwa kwa kipimo, pamoja na washa yake, kile kipete bapa cha chini ya nati. Kama tundu lake linatokea kwenye njia ya maji, meno yapakwe dawa ya kuziba.

Uso wa hedi nao upimwe kwa rula ya chuma kabla ya kufunga. Kwa hedi nyingi za alumini kiwango cha kupinda kinachovumilika ni kama milimita 0.05. Hedi iliyopinda haiokolewi na ukazaji wowote.

Kwa wenye magari, hasa wa matatu zinazokwenda Mombasa, nawaomba msimsimamie fundi kichwani mkitaka gari lirudi barabarani jioni ile ile. Msijaze rejeta maji ya kisima yenye chumvi pia, kwani yanakula alumini kuzunguka gasketi.

Najua spana ya toki ni ghali kwa fundi anayefanya kazi chini ya mwarobaini. Napendekeza gereji za mtaa mmoja zichange na kununua moja, ikae kwa mtu mmoja anayeaminika, na kila anayeiazima aandike jina. Isitumike kufungulia bolti, irudishwe kwenye kipimo chake cha chini kabisa kabla ya kuhifadhiwa, na ipelekwe kukaguliwa usahihi wake mara kwa mara. Mimi niko tayari kutoa mchango wa kwanza, na Jumamosi alasiri kuwaonyesha vijana namna ya kuitumia.

Fundi wa magari,
Shella, Malindi